Jalada la mimba ya kwanza lisifungwe bila maelezo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mlichapa makala kuhusu wasichana wanaopata mimba mapema, na mwandishi alieleza vizuri kwa nini mimba ya kwanza isiharakishwe. Sina ugomvi naye. Ila alipofika pale msichana ameshazaa, au mimba imeshaharibika, makala ikaisha, kana kwamba na msichana mwenyewe ameishia hapo. Mimi niko huko ambako makala haikufika.

Ni karani wa masjala. Kazi yangu ni majalada: kuyafungua, kuyapa namba, kuyafuatilia yanapopotelea mezani kwa wakubwa. Kwetu jalada halifungwi hivi hivi. Ukurasa wa mwisho lazima useme jambo limeishia wapi, na likifunguliwa jipya la mtu yuleyule, la zamani linaambatanishwa, ili anayepokea asianze kubahatisha. Ndiyo maana mpaka leo naistaajabia karatasi niliyotoka nayo hospitali nikiwa na miaka 19.

Ilikuwa mimba yangu ya kwanza. Wiki ya 31 kichwa kilianza kuuma kama kimefungwa kitambaa halafu mtu anakikaza. Viatu havikuingia. Pete niliivua kwa sabuni. Mama mkwe akasema mtoto wa kwanza ndivyo alivyo, huja na vituko vyake. Siku ya tatu nikaanza kuona vimulimuli na hali nimekaa tu. Presha ilipopimwa ilisoma 170 kwa 110, na mkojo ulikuwa na protini. Nikachomwa magnesiamu, dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, mwili mzima ukawaka kama nimemwagiwa maji ya moto kwa ndani. Mtoto akatolewa siku ileile. Alikuwa wa kiume, kilo 1.3. Aliishi siku mbili.

Kesho yake maziwa yakaanza kutoka. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba maziwa hayana habari kama mtoto yupo au hayupo. Niliyakamulia kwenye beseni, bafuni, maji nimeyafungulia ili waliokuwa nje wasinisikie.

Karatasi ya ruhusa ilikuwa na mistari mitatu: jina langu, vidonge vya presha vya siku 14, na "arudi baada ya wiki 6". Jina la ugonjwa halikuwamo. Uzito wa mtoto haukuwamo. Wiki 31 hazikuwamo. Nesi wa zamu akanishika bega akasema, "Wewe bado mdogo, mdogo wangu, utazaa mwingine." Alisema kwa huruma na simlaumu, wodi ilikuwa imejaa na yeye yuko peke yake. Lakini hayo ndiyo yalikuwa maelezo yote niliyopewa.

Kitanda cha pili kutoka kwangu alilala binti wa shule, miaka 17, mtoto wake mzima, analia vizuri. Huyo aliambiwa, "Isijirudie tena." Mimi mwenye ndoa naambiwa nizae mwingine, yeye asiye na ndoa anaambiwa akome. Nimekuwa nikizisikia kauli hizo mbili kwa miaka tisa sasa, kwa ndugu, kwa majirani, na kwenye magazeti pia, na kwangu mimi ni kauli moja. Anayezisema ameangalia kama kuna mume. Mwili uliolala kitandani hajauangalia. Yule binti hakuambiwa azuie kwa njia gani, wala mimi sikuambiwa nisubiri muda gani.

Na muda wenyewe haukusubiri. Mwanamke asiyenyonyesha anaweza kupevusha yai kabla hata wiki nne baada ya kujifungua hazijaisha, yaani kabla hajaona hedhi yoyote. Mimba ikiharibika ni mapema zaidi, wiki mbili tu zinaweza kutosha. Anayenyonyesha ana kinga, ila ina masharti yake matatu: mtoto awe hajatimiza miezi sita, awe ananyonya maziwa ya mama peke yake usiku na mchana, na hedhi iwe haijarudi. Likivunjika sharti moja, kinga hakuna. Wangapi wameambiwa "ukinyonyesha hushiki" bila kutajiwa hayo masharti? Nawafahamu watatu ofisini kwetu peke yake.

Mimi sikuwa na wa kumnyonyesha. Nyumbani maneno yalikuwa "zibeni pengo". Mwezi wa nne baada ya kujifungua nilikuwa na mimba nyingine. Wiki ya kumi ikatoka. Nikasafishwa, nikalala saa chache, nikarudi nyumbani na karatasi nyingine, hii ikiwa na mistari miwili.

Baadaye nilikaa muda mrefu nikijiuliza kama ile haraka ndiyo iliyoiharibu. Jibu nililopata ni kwamba hakuna awezaye kuniambia. Mimba zinazoharibika ni nyingi kuliko tunavyosimuliana. Katika kila kumi zinazojulikana, moja au mbili hutoka, na nyingi kati ya zile zinazotoka mapema ni kwa sababu ya hitilafu ya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi wa mtoto, hitilafu iliyokuwapo tangu siku ya kwanza. Si kubeba ndoo, si ugomvi, si kijicho cha mtu. Hilo nalo ningeambiwa siku ileile, lingeniokolea miaka miwili ya kujihukumu.

Kuhusu muda wa kusubiri, watu huchanganya mambo mawili. Shirika la Afya Duniani, kwa ushauri wa wataalamu waliokutana mwaka 2005, linapendekeza mwanamke aliyejifungua mtoto hai akae angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine, na ambaye mimba imeharibika akae angalau miezi sita. Ile ya miezi sita imekuja kutiliwa shaka. Mwaka 2010 watafiti wa Uskoti walichapisha hesabu za wanawake zaidi ya 30,000 ambao mimba yao ya kwanza iliyoandikwa hospitali iliharibika. Walioshika nyingine ndani ya miezi sita walikuwa na nafuu kuliko waliokaa miezi sita hadi kumi na mbili. Hata mimba kuharibika tena kulikuwa pungufu kwao. Kwa hiyo dada uliyepoteza mimba changa ukashika tena baada ya miezi mitatu, usikubali mtu akukaripie. Kuzaa wiki ya 31 kwa presha ni habari nyingine. Mwili umefika mbali zaidi, umepoteza damu, na una sababu ambayo haijaondoka. Mtaani zote mbili huitwa "alipoteza", na ushauri unaofuata huwa mmoja.

Safari ya tatu nilikutana na mkunga mmoja mtu mzima, wa wale wanaovaa miwani kwenye ncha ya pua. Nilikwenda kutaka njia ya uzazi wa mpango tu. Kabla hajagusa chochote akatoa daftari la mistari, la mkononi tu, akachora safu kwa rula. Mwaka. Wiki ngapi. Ilianzaje. Ilikwishaje. Uzito wa mtoto. Yuko wapi. Akaanza kuuliza, na nilipojibu "nilipoteza" akaweka kalamu chini.

"Mwanangu, ulipoteza wiki ya ngapi?"

Sikukumbuka. Tukahesabu pamoja kwa vidole, kutoka hedhi ya mwisho mpaka siku ya mazishi. Akauliza presha ilikuwa ngapi, na ile 170 kwa 110 nilikuwa naikumbuka kwa kuwa niliiona kwenye mashine kwa macho yangu. Akaiandika kwa kalamu nyekundu. Dakika arobaini zilipita, na nje foleni inanung'unika. Akamaliza akanipa daftari: "Hili ni lako. Usiliache kwa mtu, hata kwangu."

Niliwekewa kipandikizi mkononi, nikakaa nacho miaka mitatu. Nilipokitoa nilirudi kwake na daftari. Kwenye kadi mpya akaandika G3 P1+1, herufi ambazo nilikuwa naziona siku zote nikidhani ni namba za chumba. Akanisomea: hii ya kwanza ni idadi ya mimba pamoja na uliyo nayo, ya pili ni ulizozaa, na baada ya jumlisha ni zilizoharibika. Kwa mara ya kwanza nikaona mwanangu ameandikwa mahali. Ni ile 1 iliyofuata herufi P.

Sasa mhariri, hapa ndipo nataka wasomaji wako wanielewe vizuri, maana mtu anaweza kudhani nadai karatasi kwa sababu mimi ni mtu wa karatasi. Ule mstari wa wino mwekundu ulibadilisha dawa. Presha ya mimba iliyoambatana na protini (kitaalamu preeklampsia, ambayo ndiyo huzaa kifafa cha mimba) hupenda zaidi mimba ya kwanza, na wasichana wadogo wana hatari kubwa ya kifafa cha mimba kuliko wanawake wa miaka 20 hadi 24. Kwa wengi, mimba ya pili haiji nayo. Lakini ikikupata mara moja uwezekano wa kurudi unaongezeka, na kadiri ilivyokuwahi mapema ndivyo uwezekano unavyokuwa mkubwa. Mwanamke wa namna hiyo huanzishiwa aspirini ya dozi ndogo mimba ingali changa, tangu wiki ya 12 hivi. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2017, wa wanawake zaidi ya 1,700 waliokuwa kwenye hatari, ulionyesha kuwa miligramu 150 kila usiku zilipunguza kwa asilimia 62 ile aina inayolazimisha mtoto atolewe kabla ya wiki 37. Kidonge cha kawaida kabisa. (Asiende mtu kukinunua na kukimeza kwa kunisoma mimi, kinaanzishwa na mtaalamu, na wapo wasioruhusiwa.) Lakini mtaalamu atakianzishaje kama mwanamke mwenyewe anajua tu kwamba "alipoteza"?

Mimi nilikimeza kila usiku, pamoja na vidonge vya kalsiamu mchana. Presha ilipimwa kila wiki mbili, na mwishoni kila wiki. Wiki ya 36 ikapanda kidogo. Wiki ya 37 nikajifungua binti, kilo 2.7. Ana miaka minne sasa na anakata karatasi zangu za ofisini kwa mkasi.

Presha siyo peke yake. Mama ambaye kundi lake la damu ni hasi, O hasi au A hasi na kadhalika, anaweza kuzaa mtoto wa kwanza bila shida yoyote, kisha mtoto wa pili ndiye akalipa, kwa kuwa damu ya yule wa kwanza ilipochanganyika na ya mama iliamsha askari wa mwilini. Ipo sindano iitwayo anti-D ya kuzuia hilo, na inatakiwa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Inatumika tangu miaka ya 1960 inapoishia. Saa 72, siyo wiki 6. Binti aliyeruhusiwa bila kujua kundi lake ameondoka na deni la mtoto ambaye bado hajatungwa.

Au aliyezaa mtoto mwenye mgongo wazi. Mwaka 1991 jaribio kubwa la kitabibu lilionyesha kwamba mama wa namna hiyo akimeza asidi ya foliki ya dozi kubwa kabla ya kushika mimba na katika miezi ya mwanzo, uwezekano wa kujirudia unapungua kwa karibu robo tatu. Angalia neno kabla. Mgongo wa mtoto hujifunga katika wiki nne za mwanzo tangu kutungwa, wakati wengi wetu hata hatujajua kama tumeshika. Akisubiri kuambiwa kliniki, treni imeshaondoka. Aliyeugua kisukari cha mimba anatakiwa apimwe tena wiki 6 hadi 12 baada ya kuzaa. Aliyeshonwa fistula mimba inayofuata ajifungue kwa upasuaji, la sivyo mshono uko hatarini. Na sisi wa presha, hata tukiacha kuzaa kabisa, tuna hatari takriban maradufu ya maradhi ya moyo na kiharusi huko mbele. Mimi napima kila mwaka. Ile karatasi ya mistari mitatu haikunituma.

Kuna watakaosema wasichana wenyewe hawaulizi. Kweli, sikuuliza. Nilikuwa na miaka 19, mwanangu amezikwa jana yake, na mtu aliyevaa koti jeupe amesimama mbele yangu akiangalia saa. Wa kuuliza alikuwa mimi?

Na wanaume wasijifiche. Mume wangu alisimama nje ya geti siku zote zile na hakuna aliyemwita ndani akaelezwa. Akabaki na maneno ya mama yake. Alipokuja kusomewa lile daftari na mkunga, alisema jambo moja tu, "Kumbe ilikuwa na jina." Tangu hapo habari ya kuziba pengo haikutajwa nyumbani kwetu.

Ninachoomba ni kidogo. Kila binti anayetoka wodini, awe amezaa mzima, mfu, njiti, au mimba imetoka, awe na pete au hana, aondoke na karatasi inayosema: ilikwisha wiki ya ngapi, kwa sababu gani, kundi lake la damu ni lipi, asubiri muda gani na kwa njia gani, na mimba ijayo aseme nini siku ya kwanza ya kliniki. Asomewe kwa sauti, kwa Kiswahili. Ni nusu ukurasa. Nimejaribu kuuandika mwenyewe na saa mkononi. Dakika sita, na mwandiko wangu ni wa polepole.

Nilikuwa nimemaliza barua hii wiki iliyopita wifi yangu akanipigia. Ana miaka 22, mimba ya pili, mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Kliniki wamemuuliza alipasuliwa kwa nini, naye akajibu alivyoambiwa: "Mtoto aligoma." Wamemwambia jibu hilo halitoshi. Kama nyonga ilikuwa tatizo, au kama mfuko wa uzazi ulikatwa wima, watampasua tena bila mjadala. Kama mtoto alikaa vibaya tu na mkato ni wa mlalo chini, anaweza kujaribu kuzaa kawaida akiwa hospitali yenye chumba cha upasuaji, na wengi wanaojaribu hufaulu. Na kila upasuaji unaoongezeka huongeza uwezekano wa kondo la nyuma kujishikiza kwenye kovu, kwa hiyo kwa binti wa miaka 22 anayetaka watoto wanne, hilo si swali dogo.

Nikaomba ruhusa kazini tukaenda alikojifungulia. Dirisha la kwanza wakatutuma la tatu, la tatu wakasema majalada ya mwaka ule yamehamishwa. Nikamwambia yule karani na mimi ni karani, najua "yamehamishwa" maana yake nini. Akacheka, akachukua funguo. Jalada lenyewe halikupatikana. Lakini rejista ya upasuaji ilikuwepo, kwenye rafu ya chini, gamba lake la nje limeliwa pembeni, na kwa kuwa wifi aliikumbuka tarehe, haikuchukua robo saa. Mstari mmoja, mwandiko umelala: mtoto alitanguliza matako, mkato wa chini wa mlalo, kilo 3.1, damu iliyopotea kidogo.

Wifi akaomba nimsomee mara ya pili. Kisha akatoa simu akaupiga picha, akaniuliza kama "wa mlalo" ndiyo ule mzuri. Nikamwambia aulize Alhamisi, ana kliniki, na aende na hiyo picha.

Msomaji wenu,
Karani wa masjala
(Jina langu lihifadhiwe)